Futa Kabisa

Kwa mama yangu, faili ni kitu chenye uzito. Lina jalada gumu la rangi ya kaki na namba kwa juu. Ndani yake karatasi zimetobolewa pembeni na kufungwa kwa kamba, zimepangwa kwa kufuatana, na kila moja imeandikwa namba kwa wino mwekundu kwenye kona ya juu kulia. Karatasi moja si faili. Karatasi moja ni folio. Ukimwambia "nimekuletea faili" halafu ukampa karatasi moja, atakutazama kama mtu aliyeomba kiti akaletewa mguu wa kiti.

Alifanya kazi masjala kwa miaka 31, katika halmashauri moja ambayo sitaitaja. Miaka 11 ya mwisho alikuwa masjala ya siri. Kwa asiyejua, masjala ya wazi hutunza majalada ya kazi za kila siku, na masjala ya siri hutunza yale ambayo mtu akiyaona bila ruhusa, kuna mwenzake anaweza kuharibikiwa maisha: mashauri ya nidhamu, taarifa za watumishi, barua ambazo aliyeziandika anaomba zisimfikie anayesemwa. Alipostaafu, alichukua sehemu ya kiinua mgongo chake akafungua stesheneri Morogoro. Ni fremu moja tu, yenye mashine ya kopi, printa na kompyuta ya mtumba. Wanafunzi wanamwita Mama Stesheneri.

Basi akakaa mbele ya kompyuta, nayo ikaanza kumfundisha upya kazi aliyoifanya maisha yake yote. Ikamwambia faili ni barua moja. Ikamwambia kile anachokiita faili kinaitwa folda, na kwamba folda hukaa ndani ya folda, nayo ndani ya nyingine, hata mara kumi. Alijifunza. Lakini kila kitu kilipompotea aliomba radhi, tena aliiomba mashine: "Samahani, mimi na wewe hatuelewani."

Watu waliobuni picha zile hawakumjua mama, ila walikuwa wanamfikiria mtu anayefanana naye sana. Mwaka 1981 kampuni ya Xerox ilitoa kompyuta iliyoitwa Star. Kwenye kioo chake kulikuwa na vitu vya ofisini: hati, folda, droo ya kabati, kikapu cha barua zinazoingia na kikapu cha zinazotoka. Nia ilikuwa mfanyakazi wa ofisini aikute meza yake ndani ya kioo. Apple wakafuata na Lisa mwaka 1983 na Macintosh mwaka 1984, Microsoft nao wakaja, na sisi wengine tukarithi. Tatizo ni kwamba neno faili lilikuwa limeshaingia kwenye kompyuta miaka mingi kabla ya picha hizo, tangu enzi za kadi za kutobolewa, likiwa na maana yake lenyewe. Picha zikatoka ofisini, neno likatoka chumba cha mitambo, na vyote viwili vikawekwa kwenye kioo kimoja. Mtu aliyetoka masjala halisi ndiye anayeumia zaidi, kwa sababu ndiye pekee anayejua maneno hayo yalikuwa na maana gani.

Nasoma uzamili wa mifumo ya habari, Dar es Salaam. Mwaka jana tulikuwa na somo la urahisi wa matumizi, na kazi yetu kubwa ilikuwa kuchagua programu moja, kuwatazama watu wakiitumia, kisha kuwaandikia watengenezaji wake mapendekezo. Wenzangu wengi walichagua programu za kutuma pesa kwa simu. Mimi nilichagua programu ya mafaili, ile unayoifungua kila siku kutafuta vitu vyako, kuvihamisha, kuvinakili na kuvifuta. Mwenzangu mmoja aliniuliza, "Sasa hiyo nani anaiangalia? Ni sawa na kufanya utafiti wa bawaba ya mlango." Sikuwa na jibu zuri siku hiyo. Jibu lililetwa na mwalimu mmoja, mteja wa mama.

Mwalimu huyo anafundisha shule binafsi. Jioni moja alikuja na flashi yake akaomba achapiwe barua ya kuomba kazi kwenye shule nyingine. Mama akachapa, akaihifadhi kwenye flashi kama alivyoagizwa, akaprinti nakala mbili. Mwalimu akasema, "Sasa mama, ifute kabisa. Hii flashi kesho inaingia ofisini na mitihani." Mama akafuta. Akamgeuzia kioo ajionee. Mle ndani ilibaki mitihani tu. Mwalimu akalipa, akachomoa flashi, akaondoka.

Kesho yake mchana alirudi. Kwanza alisema "Shikamoo mama," maana adabu haikumtoka hata siku hiyo. Kisha akasema, "Mama, nilikwambia ufute."

Kompyuta ya ofisi ya shule ilikuwa ya Windows. Flashi ilipochomekwa, pembeni ya mitihani ilionekana folda ambayo mwalimu hakuwahi kuiona, jina lake linaanza na nukta: .Trash-1000. Aliyekuwa anaprinti mitihani akaifungua. Ndani yake kulikuwa na folda mbili, na ndani ya mojawapo ilikuwepo barua, nzima, na jina la shule anayoitaka. Hakufukuzwa. Aliitwa, akakalishwa, akaulizwa maswali na mtu aliyekuwa ameshika barua yake mkononi. Hakumfokea mama. Alieleza tu yaliyomkuta, akaaga, na tangu siku hiyo kopi zake anatoa duka la ng'ambo ya barabara.

Mama alinipigia usiku. Sauti yake ilikuwa ya chini, kama mtu anayeongea msibani.

"Mwanangu, mimi nimekaa na siri za watu miaka kumi na moja. Waliosimamishwa, walioshtakiwa, walioandikiana mabaya, wote nimewabeba kwapani kutoka ofisi hadi ofisi, na hakuna neno lililowahi kudondoka. Leo limedondoka stesheneri." Akanyamaza kidogo. "Nitafutie mtu wa kuinunua hii kompyuta. Nitabaki na mashine ya kopi. Ile haitunzi kitu."

Nilikwenda Morogoro Ijumaa iliyofuata. Kompyuta ya duka inatumia Linux. Kijana aliyekuwa akimsaidia ndiye aliyeiweka kabla hajahamia Dodoma, na alikuwa na sababu ya maana: flashi za wateja zilikuwa zinaleta vile virusi vinavyoficha folda zako na kukuachia njia za mkato zenye majina yaleyale. Virusi hivyo viliandikiwa Windows. Kwenye Linux vinakaa tu bila kazi.

Ila Linux ina desturi yake ya kutupa vitu. Ukifuta faili lililo kwenye flashi kwa njia ya kawaida, halifutwi. Linahamishiwa kwenye kapu la taka lililofichwa ndani ya flashi hiyohiyo, nalo ndilo .Trash-1000. Ile 1000 ni namba ya mtumiaji, na kwa mifumo mingi ya Linux ndiyo namba ya mtumiaji wa kwanza. Nukta ya mwanzoni ndiyo inayoificha folda, kwani kwenye Linux jina lililoanza na nukta halionyeshwi. Windows haiijui desturi hiyo. Kwake nukta ni nukta tu. Kinachofichwa kwenye kompyuta ya mama kinasimama mchana kweupe kwenye kompyuta ya mwajiri.

Windows yenyewe hufanya kinyume. Ukifuta kitu kwenye flashi hakipiti kwenye kapu la taka, kinaondoka moja kwa moja. Mac huweka kapu lililofichwa, kama Linux. Kwa hiyo kitendo kilekile, kitufe kilekile, flashi ileile, kina matokeo tofauti kutegemea umekaa mbele ya kompyuta gani, na hakuna hata moja inayokwambia wenzake wanafanya vipi. Mteja wa stesheneri hupita kwenye kompyuta tatu kwa siku moja.

Nilimfungulia mama lile kapu nimwonyeshe. Ndani ya .Trash-1000 kuna folda inayoitwa "files", ndipo vilipo vitu vyenyewe, na nyingine inayoitwa "info". Kwenye "info", kila kilichotupwa kina karatasi yake ndogo yenye mistari michache: kilikuwa kinakaa wapi, na kimetupwa tarehe ngapi, saa ngapi, dakika ngapi, sekunde ngapi. Mama alivaa miwani akasogea.

"Kumbe wana daftari," alisema.

"Wanalo, mama."

"Wanaandika kila kitu kimetoka wapi na kimeondoka lini."

"Ndiyo."

"Sasa mbona mimi hawakunionyesha?"

Swali hilo niliandika kwenye daftari langu kama alivyolisema, na miezi miwili baadaye lilikuwa kichwa cha sura ya kwanza ya kazi yangu.

Niseme ukweli kuhusu programu ile: ina onyo. Ukiitoa flashi kwa utaratibu, yaani ukibofya alama ya kuitoa kabla ya kuichomoa, inakuuliza kama unataka kumwaga kapu la taka kwanza. Lakini sentensi yenyewe, kwa Kiingereza, inazungumzia nafasi: ukimwaga kapu utapata nafasi kwenye flashi. Mwalimu hakuwa na shida ya nafasi. Barua yake haikuzidi ukurasa mmoja. Shida yake ilikuwa siri, na sentensi haikumtaja. Zaidi ya hapo, stesheneri hakuna anayeitoa flashi kwa utaratibu. Foleni ipo, bodaboda inasubiri nje, mtu anaichomoa kama anavyochomoa chaja. Onyo lenye maana linatakiwa lije wakati wa kufuta, kwa sababu hapo ndipo mtu anapoamini kwamba jambo limekwisha.

Nilikaa dukani wiki tatu za likizo. Darasani tulifundishwa kwamba unapomtazama mtumiaji unatakiwa unyamaze. Humwelekezi, humshiki mkono, humwambii "bofya pale." Jakob Nielsen, ambaye kanuni zake kumi za mwaka 1994 tulizikariri kama sala, alishauri pia kwamba watu watano wanatosha kukuonyesha sehemu kubwa ya matatizo. Nilikuwa na zaidi ya watano, kwa sababu wateja wa mama walikubali nikae pembeni na daftari. Ila kunyamaza mbele ya mama yako anayehangaika si jambo dogo. Kwetu, mtoto anayemwona mama yake akitafuta kitu na asinyanyuke ana walakini. Mara ya kwanza alinigeukia akasema, "Wewe umekuja kunisaidia au kunichungulia?" Nilimweleza kwamba nikimsaidia leo, atakuwa amesaidika yeye peke yake, leo tu. Akaguna. Akaendelea kutafuta.

Alichokuwa anakitafuta ni tasnifu ya msichana mmoja, ambayo dakika tano kabla ilikuwa mezani, kwenye kioo. Aliishika na panya ili aisogeze, kidole kikateleza, tasnifu ikaingia kwenye folda ya jirani. Pale ilipokuwa pakabaki patupu. Hapakuwa na alama wala neno.

"Masjala," mama alisema bila kunitazama, "jalada likitoka kwenye kabati, unaacha kadi mahali pake. Kadi inasema limekwenda kwa nani na siku gani. Huwezi kuacha tundu. Mtu akikuta tundu anadhani limeibiwa."

Upo ufunguo wa kurudisha kitendo cha mwisho, Ctrl na Z, na unafanya kazi hata kwa faili lililohamishwa. Wateja niliowauliza waliujua kwa kurudisha maneno kwenye Word. Hakuna aliyedhani unarudisha pia faili lililopotea. Kwa hiyo pendekezo la pili lilikuwa la mama, mimi nilikuwa karani tu: kitu kikihamishwa kwa kuburutwa, mahali pake paonekane kivuli kwa muda, kimeandikwa kilikokwenda, na ukikibofya kikurudishe.

La tatu lilitokana na ule mstari unaojaa wakati wa kunakili. Mwanafunzi anakuja na flashi, anataka video za mhadhara, kama GB mbili. Mstari unakimbia hadi mwisho kwa sekunde chache, kisha dirisha linajifunga. Mwanafunzi anachomoa. Akifika bwenini anakuta majina ya video yapo lakini hazifunguki. Linux mara nyingi hupokea data kwanza kwenye kumbukumbu ya kompyuta, ambayo ina kasi, kisha huiandika kwenye flashi polepole nyuma ya pazia. Mstari unapima safari ya kwanza na kukuhesabia kama umefika. Ni sawa na kondakta anayetangaza "Msamvu, mwisho wa safari" basi likiwa bado Chalinze. Ukiitoa flashi kwa utaratibu, hapo ndipo unapoambiwa usubiri, uandishi haujaisha. Lakini nimeshasema habari ya utaratibu na bodaboda. Pendekezo letu lilikuwa fupi: mstari usijae hadi flashi yenyewe iwe imepokea.

La nne lilihusu picha. Stesheneri ndipo watu wanapoombea kazi za serikali na mikopo ya chuo, na kila maombi yanataka picha ya pasipoti. Unabofya mahali pa kuweka picha, linafunguka dirisha dogo la kuchagua faili, na ndani yake zipo IMG-20230412-WA0012, WA0013, WA0014, hadi WA0040. Hakuna sura. Mama anakisia, anafungua, siyo, anarudi. Mara moja alimpakia mwombaji wa ualimu picha ya keki ya harusi. Walicheka sana wote wawili, lakini ni kwa sababu waliiona kabla ya kutuma.

Nilipofuatilia suala la dirisha hilo ndipo nilipokutana na historia iliyonifunza subira. Programu nyingi za Linux hutumia dirisha la kuchagua faili linalotoka kwenye maktaba ya GTK. Mwaka 2004 mtu aliandika ombi kwamba dirisha hilo lionyeshe picha ndogondogo za mafaili badala ya majina matupu. Ombi hilo lilikaa. Watu wakaligeuza utani, wakalikumbusha, wakakasirika, wakasahau, wakakumbuka tena. Liliwafikia watumiaji kwenye GNOME 44, Machi 2023. Mtoto aliyezaliwa ombi lilipoandikwa alikuwa na umri wa kupiga kura lilipotekelezwa. Na kompyuta ya mtumba yenye mfumo wa zamani, kama ya mama, bado inakisia.

Ningependa kusema watengenezaji ni viziwi, ingekuwa insha rahisi zaidi. Lakini wengi wao wanajitolea, na kila kitu unachoomba kiongezwe, kuna mtu atakayekitunza kwa miaka. Upo pia uzito wa upande wa pili. Mwaka 2012 waliotunza Nautilus, programu ya mafaili ya GNOME, waliamua kuisafisha. Wakaondoa dirisha la kugawanyika mara mbili, wakaondoa mwonekano finyu, wakabadilisha namna ya kulifikia faili kwa kuandika herufi zake za mwanzo. Kwao huo ulikuwa urahisi. Kwa watumiaji wengi ilikuwa kama kurudi nyumbani ukakuta mtu amekupunguzia viti. Watu wa Linux Mint wakachukua msimbo wa toleo la nyuma wakaanzisha programu yao, Nemo, inayotumika hadi leo. Kila upande ulisema unamtetea mtumiaji, na ninaamini kila upande ulimaanisha. Ninachojiuliza ni mtumiaji yupi aliyekuwa amekaa mbele yao wakati wanaamua, na kama yupo aliyeangalia mtu akichomoa flashi haraka kwa sababu bodaboda inasubiri.

Kwa hiyo nilipokaa kuandika mapendekezo, nilijizuia kuandika "programu yenu ni mbaya." Niliandika kama tulivyofundishwa: mtu alikuwa anataka nini, alifanya nini hatua kwa hatua, alitegemea nini, alipata nini. Niliandika habari ya barua ya mwalimu bila jina lake, bila shule, bila mji. Mama alisimamia sehemu hiyo. Alisoma rasimu akiwa na kalamu nyekundu, akakata neno "Morogoro," akakata neno "hisabati." Nikamwambia hisabati haimtambulishi mtu. Akanijibu, "Hujui wangapi wanafundisha hisabati pale."

Nilituma manne. Baada ya siku tisa wakajibu mawili. La mstari wa kunakili walisema wanalijua, lakini linagusa tabaka la chini la mfumo ambalo si lao peke yao. La kapu la flashi waliniuliza swali moja: tukiweka onyo wakati wa kufuta, sentensi isomekeje? Iwe fupi, isitishe, isiwe na neno la kitaalamu.

Nilijaribu sentensi sita kwa Kiingereza. Zote zilisikika kama masharti ya benki. Mwisho nilimpigia mama nikamuuliza yeye angemwambiaje mteja, kwa mdomo, akiwa na foleni.

"Ningemwambia: nimeitoa machoni, lakini bado umeibeba. Unataka niichane?"

Nilikaa na sentensi hiyo kwa muda. Ina kila kitu ambacho kanuni zangu kumi zinadai: inasema kilichotokea, inasema hali ilivyo sasa, inatoa njia ya kutoka. Nikaitafsiri kadiri nilivyoweza. Neno "kuchana" ndilo lililonisumbua, kwa sababu kwenye kompyuta hata kufuta moja kwa moja si kuchana. Kwa kawaida mfumo hufuta kumbukumbu ya mahali faili lilipo, na data yenyewe hubaki hadi kitu kingine kiandikwe juu yake, ndiyo maana kuna programu za kufufua vilivyofutwa. Nilimweleza hilo pia. Alifikiri kidogo.

"Basi msiseme kuchana. Msimwahidi mtu kitu ambacho hamkifanyi."

Nikaandika kwamba kitaondolewa kwenye flashi bila kupitia kapu la taka, na kwamba mtu mwenye ujuzi huenda bado akakifufua. Watengenezaji walisema sentensi ya pili ni ndefu. Nikajibu kwamba msimamizi wangu wa masjala ameikataa fupi. Hawakuuliza masjala ni nini.

Kompyuta haijauzwa. Sijui kama ni kwa sababu ya mapendekezo au kwa sababu msimu wa maombi ya mikopo ulifunguka na foleni ikafika barabarani. Juu ya kioo mama amebandika karatasi aliyoiandika mwenyewe kwa herufi kubwa, kwa ajili ya yeyote atakayekalia kile kiti: KUFUTA KWENYE FLASHI: SHIFT + DELETE. SOMA SWALI. MUULIZE MWENYE FLASHI. Mwalimu hajarudi. Mama humsalimia akimwona ng'ambo ya barabara, naye huitikia.

Mara ya mwisho nilipokwenda nilikuta jalada jipya kabatini, la kaki, lina namba. Amelifungua kwa ajili ya mawasiliano yetu na watengenezaji. Kila barua pepe niliyomtumia ameiprinti, ameitoboa, ameifunga kwa kamba na kuipa namba nyekundu kwenye kona ya juu kulia. Folio ya kwanza ni mapendekezo yetu. Ya sita ni ile ninayowaeleza kuhusu kufufua vilivyofutwa. Kwenye karatasi ya madokezo, upande wa kushoto, ameandika tarehe ambayo jalada lirudishwe mezani, kama walivyokuwa wakifanya kwa barua ambayo haijajibiwa, ili isisahauliwe kabatini. Ameandika tarehe 15 ya mwezi ujao. Folio ya saba bado haijaja.